Silly lilikuwa neno la heri

Kuna neno la Kiingereza linaniuma sana, silly. Aliyepita darasani analijua, ni mpuuzi, mtu asiyejielewa. Sasa nenda Ujerumani umwone ndugu yake wa damu, selig, huko maana yake ni mwenye heri, yaani pale Mathayo 5 sisi tunaposoma "heri walio maskini wa roho" Martin Luther, yule aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, kaweka selig. Na wazee wa Kijerumani wakimtaja baba aliyefariki wanaongeza selig, kama sisi tunavyosema marehemu, na marehemu ukilifungua ni yule aliyerehemiwa, kwa hiyo hapo tumekutana nao kabisa bila kupanga.

Waholanzi wana zalig, wanatakiana Zalig Kerstfeest, yaani Krismasi ya heri, na siku hizi hata msosi mtamu ni zalig. Kule Iceland ndo nimependa zaidi, mwanaume anasalimiwa sæll, mwanamke sæl, unamkuta mtu njiani unamtamkia heri.

Kiingereza cha kale nacho kilikuwa hukohuko, gesælig, mwenye furaha, aliyebarikiwa. Halafu aliyebarikiwa akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuonewa huruma, akawa dhaifu, hata kondoo waliitwa silly kwa sababu hawamdhuru mtu, kufika miaka ya 1500 na kitu basi, mjinga tu.

Watu husema aah, lugha hubadilika. Mi sikubali iishie hapo. Neno halishuki lenyewe, linashushwa na midomo ya watu waliomwona mpole wakaona huyu hana akili. Na sisi tunafanya hivyohivyo, kijiweni ukirudisha chenji iliyozidi unaitwa boya, na mshamba, ambaye ni mtu wa shamba anayetulisha, leo ni tusi. Hata mjinga, ukifungua kamusi za zamani unakuta alikuwa pia mgeni, mtu aliyefika juzi hajaujua mji.

Bibi yangu alikuwa akiazima watu unga, sukari, ndoo, na hadai. Mtaa mzima walimcheka, eti bibi mjinga yule. Mjerumani angemwita selig mara mbili, kwa jinsi alivyoishi, na kwa kuwa hatunaye tena.