Usiweke kengele kwa kila kitu kwenye seva

Nagios, Zabbix, Prometheus: zana yoyote ya kufuatilia seva utakayochagua itakupa vipimo vingi kuliko unavyohitaji, nawe utawashwa kuviwekea vyote kengele, yaani ujumbe wa tahadhari. Mimi nasema acha. Kwa kila kipimo jiulize: kikivuka kiwango saa nane usiku, nani ataamka, na akiamka atafanya nini? Kisicho na jibu kichoree grafu, usikiwekee kengele.

Prosesa, kwa mfano, wengi huiwekea kengele ya asilimia 90. Seva inayobana nakala rudufu usiku hufika 100 na hakuna mtumiaji anayeumia. Wastani wa mzigo (load average, yaani wastani wa michakato inayofanya kazi au kungoja zamu) nao, kwenye mfumo endeshi wa Linux, hujumlisha hata michakato inayosubiri diski. Unaweza kuuona umepaa huku prosesa haina kazi.

Kumbukumbu hupotosha zaidi. Linux huitumia sehemu isiyo na kazi kuhifadhi data zilizosomwa diskini, kwa hiyo ukitazama kumbukumbu “tupu” utadhani seva inakata roho. Kipimo cha kutazama ni MemAvailable, makadirio ya kumbukumbu ambayo programu zinaweza kupewa, kilichokuja na kiini (kernel) cha Linux toleo la 3.14 mwaka 2014.

Diski naitetea bila masharti. Ikijaa, hifadhidata hugoma kuandika na mengine huanguka nyuma yake. Lakini usihesabu gigabaiti peke yake, fuatilia na inodi, yaani nafasi za kusajili faili, moja kwa kila faili. Programu inayomwaga mamilioni ya faili ndogo ndogo inaweza kuzimaliza inodi wakati nusu ya diski iko wazi, na ujumbe wa hitilafu utakuwa uleule wa kukosa nafasi. Hapo mtu hufuta faili moja kubwa baada ya nyingine, na hakuna kinachobadilika.

Upande wa mtandao, pingi, ile pakiti ndogo ya kuuliza kama mashine ipo, imepewa heshima isiyostahili. Anayeijibu ni kiini cha mfumo, si programu yako. Tovuti inaweza kuwa imekufa na pingi ikajibu vizuri tu. Omba ukurasa halisi, pima muda wa jibu, soma na kilichomo. Kwenye swichi na ruta, pakiti zilizoharibika au kutupwa hunieleza mengi kuliko wingi wa data. Na ukisoma wingi huo kwa SNMP, itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao vipimo vyao, tumia vihesabio vya biti 64. Cha biti 32 kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa hurudi sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi; ukikisoma kila dakika 5, grafu yako ni hadithi tu.

Halafu kuna vitu vinavyosahaulika kwa sababu havionekani kama “mashine”: tarehe ya mwisho ya cheti cha TLS (kinachothibitisha tovuti kwenye muunganisho salama), saa ya seva, majibu ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao). Cheti hasa, maana siku kitakayokwisha inajulikana tangu kinapotolewa. Kengele ya wiki mbili kabla inatosha.

Zana yenyewe pia iwekwe kwenye orodha, ikifuatiliwa na mashine iliyo nje ya mtandao huo. Ikizimika pamoja na seva zako, hutapata ujumbe wowote, nawe utadhani mambo ni shwari.