Miguu Mitatu Inatosha

Juzi niliingia duka moja la fanicha hapa Nairobi, la aina ile ambayo mlinzi anakufungulia mlango na bei huioni popote mpaka uulize. Katikati, kikiwa na taa yake peke yake, kulikuwa na kigoda. Kadi iliyowekwa kando ilisema kimebuniwa kutokana na asili ya Wakamba. Mimi ni Mkamba, basi nikakipindua jinsi mtu anavyopindua sufuria Gikomba kabla ya kutoa pesa. Miguu minne, skrubu nane. Pembetatu zilizozunguka kikalio zilichomwa kwa mashine, zote sawasawa kama muhuri wa posta.

Sina ugomvi na bei, ingawa ilinifanya nirudishe mikono mfukoni. Ugomvi wangu ni ile miguu minne.

Kigoda cha babu yangu kule Mwala kina mitatu. Kilichongwa kwa tezo kutoka gogo moja, kikalio na miguu pamoja, bila msumari wala gundi. Juu kuna waya mwembamba wa shaba uliogongewa ndani ya mti ukazunguka kama bangili, na katikati pamebonyea na kung'aa kwa miaka ya kukaliwa na mtu mmoja tu, maana kiti cha mzee hakikaliwi ovyo. Utotoni nilidhani fundi aliishiwa na mti. Baadaye nikaelewa: uwanja wa babu ni mawe na mashimo, na chenye miguu mitatu hakiyumbi popote ukiweka. Cha minne utatafuta kijiwe cha kuegemeza mguu mmoja.

Ukiangalia vizuri, vitu vyetu vya zamani karibu vyote viko hivyo: umbo lake ni jibu la shida fulani. Ekicholong cha Waturkana ni kiti mchana na mto usiku, mchungaji anatembea nacho mkononi, na mitindo ya nywele haiharibiki akilala. Kiti cha enzi cha Lamu kimesukwa kamba ili upepo upite mgongoni pale joto linapokuwa joto kweli. (Kikalie Nairobi mwezi wa Julai utaomba blanketi.) Nakshi zilikuja juu ya majibu hayo. Wabunifu wetu wengi wanachukua nakshi na kuacha jibu.

Wala sisemi turudi kwenye asili safi, kwa sababu haipo. Biashara ya vinyago ya mji wa Wamunyu kule Ukambani, ambayo sisi Wakamba tunaringa nayo, inahusishwa na mchongaji Mutisya Munge, aliyerudi na ujuzi huo kutoka Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata mti wenyewe umebadilika. Muhugu, uliopendwa na wachongaji, unakua polepole mno na ulikatwa hadi ukaadimika, ndipo wengi wakageukia mwembe, mwarobaini na mjakaranda. Hakuna aliyesema vinyago vya mwembe si vya Kikamba.

Basi swali la Nairobi ni lipi? Mimi ninaishi ghorofa ya nne, ngazi nyembamba, chumba kimoja cha kulala. Mwaka jana jirani yangu alihama, na sofa seti yake ikateremshwa kwa kamba kupitia roshani huku mtaa mzima ukitoa ushauri. Mbunifu anayejidai ana mizizi ya Kiturkana angeanzia hapo: kitu kimoja chenye kazi mbili, kinachobebwa na mtu mmoja. Badala yake tunauziwa meza ya kahawa yenye umbo la ngao, nzito kama jiwe la kusagia. Niliwahi kununua moja. Baada ya miezi miwili ilipasuka katikati kwa sababu mbao zilikuwa mbichi, na ule ufa ulipita ngao ile vizuri kabisa, kama mkuki.

Wiki iliyopita nilimwendea fundi mmoja wa Ngong Road, hawa wanaotengeneza chochote ukiwaonyesha picha kwenye simu. Mara hii sikuwa na picha. Nilimweleza kigoda cha babu, nikamwambia atumie mjakaranda uliokauka.

"Uliokauka utangoja, bosi. Nyinyi mnataka kila kitu Ijumaa."

"Nitangoja."

Akaandika vipimo kwenye kipande cha msasa, akasita.

"Na mguu wa nne?"

Hapo pembeni palikuwa na stuli kuukuu ya miguu mitatu ambayo kijana wake hupandia akipaka vanishi. Nikaichukua, nikaiweka nje kwenye kokoto za kando ya barabara, nikamwomba aikalie. Aliketi, akajitikisa kushoto na kulia, akaagiza chai. Mpaka ninaondoka alikuwa bado ameketi.