Kulala kwa watu ugenini si kulala bure

Vijana wengi wa hapa Moshi wanaopanga safari ya nje kwa hela ndogo huanza kwa kupiga hesabu ya nauli, chakula na malazi. Wakishajua kwamba kuna watu Mombasa, Kampala na hata Ulaya walio tayari kumlaza mgeni wasiyemjua bila kumtoza chochote, malazi wanayakata kwenye hesabu. Hapo ndipo ninapobishana nao. Gharama ya malazi haijaisha, imehamia kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mama mwenye nyumba.

Nasema haya kwa kuwa nazipenda sana safari hizi. Bila watu wa kutupokea, mimi na rafiki zangu tungekuwa bado tunauangalia mpaka wa Holili kwa mbali. Na kuvuka kwenyewe si kugumu kama wengi mtaani wanavyodhani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu 2010, na Mtanzania anaingia Kenya au Uganda bila viza. Ukitokea Holili unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kenya, pale Taveta, chini ya paa moja. Kwa Uganda ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani asichome tena. Toka Taveta unakwenda kwa lami hadi Voi ukikatiza Tsavo, na Voi mabasi ya Mombasa hayakosekani.

Mombasa tulipokelewa Likoni, ng'ambo ya kivuko, na mama mmoja ambaye tulikuwa tumeandikiana naye tu kwenye mtandao. Sisi tuliokulia chini ya mlima tumezoea kufungua bomba na maji yakatoka. Kule bomba la uani lilikuwa kavu. Asubuhi alipita kijana na mkokoteni uliojaa mitungi ya njano, akauliza, "Leo mingapi, mama?" Mama akageuka, akatutazama mmoja mmoja tulivyokaa kwenye mkeka, midomo yake ikihesabu. "Niwekee kumi." Kijana akashangaa: "Jana si ulichukua mitano?" Mama akasema kwa uso mkunjufu kabisa, "Leo n'na wageni."

Hiyo mitungi mitano ya ziada ndiyo bei ya kitanda chetu. Hakuna risiti, na mama yule asingeitaja kamwe. Rafiki yangu aliinuka akaenda kumlipa kijana wa mkokoteni. Mama alipokataa, akamwambia, "Mama, sisi ni watoto wako. Watoto hawakai wakamwangalia mama akinunua maji." Mama akacheka, akaachia.

Ndiyo maana nasema bajeti ya safari ya kulala kwa watu lazima iwe na fungu la mwenyeji, tena litengwe kabla hujakata tiketi. Kumkabidhi noti mkononi sipendi, wengine watahisi umewalipa kama gesti na utakuwa umewavunjia heshima. Nenda sokoni na mtoto wa nyumba hiyo, rudi na mchele, mafuta, sukari, nyama ya siku ile. Toka nyumbani beba kahawa yetu ya Kilimanjaro iliyokwisha kukaangwa na kusagwa. Haili nafasi kwenye begi, na kila tulikoipeleka jiko liliwashwa saa hiyo hiyo.

Idadi nayo. Watu wawili, watatu wakizidi, nyumba ya kawaida inawameza bila kuhamisha watoto vitandani. Mkiwa sita, gawaneni nyumba mbili na mkutane mchana. Najua raha ya safari ya marafiki ni kupiga soga hadi usiku wa manane, lakini mwenye nyumba anaamka alfajiri.

Kuhusu siku, wazee walishatupa kipimo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna jumuiya ya kimataifa inaitwa Servas, ilianzia Denmark mwaka 1949 kwa nia ya kujenga amani baada ya vita kwa watu kulala majumbani mwa wenzao, na desturi yao ni usiku mbili. Walifikia kipimo kile kile bila kutuuliza. Couchsurfing, mtandao wa kutafuta watu wa kukulaza ugenini, ilikuja baadaye sana, 2004, na ndiyo iliyowazoesha vijana neno "bure". Mwaka 2020 ilipoanza kuwatoza wanachama katika nchi nyingi, kelele zikawa nyingi. Mimi kilichoniuma ni kitu kingine: ada hiyo ni ya kampuni. Haimfikii anayenunua mitungi kumi.

Kuna jambo ninalolisisitiza zaidi kwa dada zangu. Weka pembeni hela ya gesti ya usiku mmoja na nauli ya kurudi, na usiiguse. Asiye na hela hiyo hana uwezo wa kusema hapana. Akifika akakuta mwenyeji ana maneno yasiyoeleweka, au nyumba si ile iliyoelezwa, atajilazimisha kulala kwa sababu hana pa kwenda. Soma walichoandika wageni waliotangulia, hasa wanawake. Waachie watu wa nyumbani jina la mtaa na namba ya mwenyeji. Ukarimu wa kweli haukasirishwi na tahadhari yako, mama wa Likoni mwenyewe alituomba vitambulisho kabla hata ya kutupa chai, na tulimpenda zaidi kwa hilo.

Halafu tupokee na sisi. Moshi tumezoea kuwapokea Wazungu wanaokuja kupanda mlima au kujitolea, tukawapikia mtori na kuwapeleka Marangu. Mkenya au Mganda mwenye begi mgongoni tunamwonyesha gesti ya karibu na stendi. Kumlaza hakuna ugumu: unamfahamisha mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kwamba una mgeni, anatoka wapi, anaondoka lini. Mkenya hatashangaa, kwani kwao nako Nyumba Kumi, mpango wa majirani kujuana kwa ajili ya usalama, ilianzishwa 2013 kwa kuiga mfumo wetu.

Mtoto wa kwanza wa yule mama wa Likoni ameshauliza aje lini na wenzake wawili. Tumemwambia asije Desemba. Desemba Wachaga wote wamerudi, toka Rombo hadi Machame nyumba zimejaa, mabasi yamejaa, na hata godoro la kuazima halipatikani. Aje Februari, chumba cha uani kitakuwa tupu na sisi wenyewe tutakuwa na muda wa kukaa naye.