Ukurasa wa Franka 200: Mzigo wa Karatasi Lubumbashi Unatoka Wapi?

Mwanafunzi alitoa mfukoni flashi yenye memwari yake, kazi yake ya kumaliza masomo, akaiweka juu ya meza: "Yaya, kurasa 68, kopi ine." Dada wa mashine akafungua faili, akatazama chini ya skrini. Kurasa 71. Ubishi ukaanza papo hapo. Kijana aliapa kwamba nyumbani aliacha 68. Dada akamjibu, "Wapi, mudogo, ni mashine njo inahesabu." Kwa nakala nne, tofauti ile ni kurasa 12, na kwa franka 200 za Kongo kila ukurasa ni franka 2,400. Kwa mtu anayepanda basi mara mbili ili afike chuoni Kasapa, hizo si pesa za kudharau.

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni na sikusema neno. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria ubishi huu, kwa sababu unasikika kila mahali penye printa hapa Lubumbashi: kando ya majengo ya Chuo Kikuu, karibu na mahakama, kwenye vibanda vya mitaa yetu ya Kenya na Katuba. Mteja anasema anaibiwa. Mwenye duka anasema anazama. Nadhani kila mmoja anasema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki iko kwa mtu wa tatu ambaye hasimami kabisa kwenye foleni.

Tuanze na mwenye duka, kwa kuwa hesabu yake haionekani. Tuseme amenunua rimu ya karatasi A4 kwa dola 6. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo karatasi moja imemgharimu senti moja na kitu. Tuseme toneri ya kuiga, yaani unga wa kuchapia, ameipata kwa dola 12. Katriji kama HP 85A, ya zile printa ndogo za LaserJet, mtengenezaji huihesabia kurasa 1,600, lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba unga umefunika 5% tu ya kila ukurasa, yaani maandishi ya kawaida yenye nafasi nyeupe. Hapo unga wa ukurasa mmoja haufiki senti moja. Ukijumlisha na karatasi unapata senti mbili hivi, ambazo kwa franka ni kama 50. Mteja analipa 200.

Ukiishia hapo, mteja ana haki ya kukasirika. Lakini zile franka 150 zilizobaki zina watu wengi wanaozisubiri: kodi ya chumba, ushuru wa aina aina, posho ya dada anayekaa kwenye mashine tangu asubuhi, rola zinazochakaa, kurasa zinazokwama ndani na kutoka zimekunjamana. Tena si kila ukurasa una 5%. Mtu akileta tangazo la kilio lenye picha kubwa ya marehemu, unga unaweza kufunika 40% ya karatasi, na ukurasa huo mmoja umekula unga wa kurasa nane. Akilipa bei ile ile ya ukurasa wa maandishi, mwenye memwari ndiye anayemlipia mwenye picha bila wote wawili kujua.

Karatasi nayo ina safari yake. Sehemu kubwa ya bidhaa za madukani kwetu hutoka kusini, kwa barabara, kutoka Afrika Kusini kupitia Zimbabwe au Botswana, kisha Zambia. Daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021 limepunguza usumbufu wa kivuko pale Zambezi, lakini malori bado yanafika Kasumbalesa na kujipanga, na siku za kusubiri mpakani ni pesa. Rimu moja ina uzito wa kilo mbili na nusu. Ni mzigo mzito wenye faida ndogo, na gharama yote ya njiani inaishia kwenye meza ya yule dada. Juu yake kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni moto, kama tunavyouita umeme huku kwetu. Mtu asiyewahi kungoja karatasi hapa hawezi kuelewa bei zetu mpaka aelewe moto. Tuna mabwawa ya zamani ya umeme ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na tangu miaka ya 1980 kuna ule waya mrefu wa kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi. Unapita juu ya vijiji visivyo na taa, unakuja kulisha migodi ya shaba na kobalti. Kinachobaki kwa mitaa yetu kinakuja na kukatika. Na printa ya leza haivumilii moto wa kubahatisha. Unga wa toneri ni plastiki iliyosagwa laini sana, na haushiki kwenye karatasi mpaka uyeyushwe na rola yenye joto linalokaribia nyuzi 200. Ndivyo ilivyo tangu Chester Carlson, karani wa hataza aliyechoka kunakili kwa mkono, apate nakala yake ya kwanza kwa unga na joto huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938. Bila joto, hakuna nakala. Kwa hiyo printa ndogo ya leza hula wati 300 na zaidi inapochapisha, na kabetri kadogo hakawezi kuibeba. Inabaki jenereta, na jenereta inakunywa mafuta hata pale mteja anapokuwa bado anatafuta faili kwenye simu yake.

Ndiyo maana duka ninalolizoea lina bei mbili: ya moto wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na ya jenereta. Watu wengi wanaiona ya pili kama unyonyaji. Mimi naiona ndiyo bei ya ukweli kuliko zote pale, kwa sababu angalau inakuambia unalipia nini.

Wengine wamekimbilia printa za wino. Epson ilipoanza mwaka 2010, kwanza kule Indonesia, kuuza printa zenye matangi ya kujaza wino kwa chupa, gharama ya ukurasa wa rangi ilishuka sana, na printa za aina hiyo hutumia wati kumi na kitu tu. Paneli ndogo ya jua inatosha. Kwa mwenye kibanda huo ni wokovu. Kwa mteja si mara zote, maana wino wa nyingi kati ya mashine hizo huyeyuka ukiguswa na maji, na sisi tuna mvua kuanzia Novemba hadi Machi, wakati mwingine hadi Aprili. Nimemwona mama akifika kwenye ofisi moja na ombi lake la kazi ndani ya bahasha iliyolowa, jina lake limekuwa doa la buluu. Alikuwa amelipa bei nafuu, na siku ile alilipa tena kwa leza. Muuzaji anayejua tofauti hii anapaswa kumwambia mteja kabla ya kuchapisha. Wachache hufanya hivyo.

Hapo ndipo utetezi wangu wa maduka unapoanza kupungua.

Jambo la kwanza ni bei kupanda bila kushuka. Dola ilipokuwa ikipanda tuliambiwa rimu inanunuliwa kwa dola, na ni kweli. Lakini katika miezi ya mwisho ya 2025 franka ilipata nguvu, dola ikatoka karibu franka 2,800 hadi chini ya 2,500, na pale ninapochapisha ukurasa ulibaki pale pale. Sababu moja ninaielewa: hatuna sarafu, noti ndogo za franka 50 na 100 zimechakaa na hazionekani, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuza ukurasa kwa franka 170. Bei yetu haitembei, inaruka. Inatoka 100 hadi 200, na kesho itatoka 200 hadi 300. Lakini kwa mtu wa kurasa 284, yaani 71 mara nne, kisingizio hicho hakipo. Kwake franka 170 kwa ukurasa ni franka 48,280, na noti za kulipa 48,000 zipo. Mteja wa kazi ndefu angeweza kupunguziwa bila shida yoyote ya chenji, na mara nyingi hapunguziwi mpaka apigane.

La pili linanikera zaidi: bei isiyoandikwa. Unaingia, unachapisha, halafu unaambiwa. Mwanafunzi aliyezoea analipa 200, mzee aliyetoka Kipushi na hati za shamba lake analipa 500, na karatasi ni ile ile. Kipande cha katoni ukutani chenye bei nne kingemaliza jambo hilo.

La tatu ni zile kurasa 71. Yule dada hakudanganya, na kijana naye hakudanganya. Faili ya Word ikihamia kompyuta isiyo na fonti ile ile, au yenye toleo jingine la programu, maandishi hutawanyika: mistari inasogea, jedwali linavunjika, ukurasa unazaa ukurasa. Angeihifadhi kama PDF nyumbani, zingebaki 68 popote duniani. Kijana alipaswa kujua, lakini anayeona jambo hili mara kumi kwa siku ni muuzaji, na neno moja kabla ya kubonyeza kitufe lingeokoa franka 2,400. Akinyamaza kwa sababu kurasa za ziada zinamletea pesa, hapo mteja akisema ni wizi hakosei sana.

Kuna pia hatari ambayo haiingii kwenye bei. Siku hizi faili nyingi zinatumwa kwa WhatsApp ya duka, kwa kuogopa virusi vya flashi. Diploma, hati ya kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, vyote vinabaki kwenye simu ya mtu usiyemjua. Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali (Code du numérique) tangu Machi 13, 2023, inayolinda habari binafsi za watu, lakini sheria hiyo haijafika kwenye meza hizi. Muombe afute mbele ya macho yako.

Sasa yule mtu wa tatu. Ukiangalia vizuri, kijana hakutaka kuchapisha kurasa 284. Aliagizwa. Idara ilitaka nakala nne, karatasi upande mmoja, herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu. Kazi hiyo hiyo ikipunguzwa nafasi hadi mstari mmoja inashuka hadi kurasa 45 hivi, na ikichapishwa pande zote mbili ni karatasi 23. Badala ya karatasi 68 kwa nakala moja, 23. Hakuna muuzaji wa Lubumbashi anayeweza kukupa punguzo la namna hiyo, hata umlilie. Ni mstari mmoja tu katika maagizo ya idara.

Ofisi nazo ni hivyo hivyo. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Zile zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023, nyingi maandishi yake yalifutika mapema. Aliyewahi kupiga fotokopi alinusurika. Na bado kila dirisha linataka nakala yake: laini ya simu, benki, kumwandikisha mtoto shule, ombi la kazi ambalo pengine halitasomwa.

Nimewauliza watu wawili wanaofanya kazi ndani ya ofisi hizo, na jibu lao halikuwa la kijinga. Karatasi haihitaji moto. Siku SNEL inapokata, faili la karatasi linasomeka karibu na dirisha. Muhuri wenye wino mbichi ni vigumu kuuiga kuliko picha ya simu, na vyeti bandia vipo. Hata kwenye jopo la memwari, mwalimu mwenye umri wa miaka 65 ana haki ya kushika kazi mkononi na kuandika pembeni kwa kalamu. Nakubali yote hayo, kwa nakala moja, hata mbili. Sijapata bado anayeweza kunieleza ya tatu na ya nne, hasa kwa kuwa Sheria hiyo hiyo ya Dijitali ya 2023 inatambua maandishi ya elektroniki na saini yake.

Kwa hiyo nikitakiwa kusema, franka 200 ninaitetea pale bei ilipoandikwa na mteja ameonywa. Yule dada anaibeba Kasumbalesa, Inga na jenereta kwenye meza ya plastiki, na hatujengi chochote kwa kumgombeza yeye. Hasira yetu ingefaa iende ngazi moja juu, kwa anayeandika "nakala nne" bila kulipa hata ukurasa mmoja.

Kijana wa flashi alilipa zote 71 mara nne, akafungiwa kwa spairo, akaondoka na mfuko mzito. Kabla ya kutoka alimwonyesha rafiki yake ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa mwalimu anayemwongoza, na ulikuwa umeingia usiku uliopita: ameshaisoma kazi yote kwenye simu, masahihisho ameyaweka humo humo, aendelee kuchapisha.