Luku ya Pasua, luku ya Shantytown

Kila tarehe mosi nanunua umeme mara mbili kwa simu hiyo hiyo: wa mama, aliyeko Pasua, mtaa wa wenye kipato kidogo hapa Moshi, na wa hapa ninapoishi, Shantytown. Wageni wa Moshi hucheka wakisikia jina hilo, maana kwa Kiingereza ni mtaa wa mabanda, na huku ndiko kwenye miti mikubwa, bustani na mageti yenye walinzi. Usinione tajiri. Nimepanga nyumba ndogo ya uani, na kwa kuwa mwenye nyumba yuko Dar, luku ya nyumba kubwa, yaani mita yake ya umeme wa kulipia kabla, naishughulikia mimi.

Mwezi huu mfuko ulikuwa mwepesi, mama nikamwekea ya elfu mbili. Makato ya mwezi ya kodi ya jengo yakatangulia, 1,500. Ile 500 iliyobaki ikampatia uniti nne. Hazikupita dakika tano akanipigia. Nikamwamkia, hata hakumaliza kuitikia.

"Marahaba. Baba, hivi umenitumia umeme au umenitumia salamu?"

Nyumba kubwa niliiwekea ya laki moja. Nayo ikakatwa 1,500. Hakuna aliyepiga simu.

Kodi hii ilihamia kwenye luku mwaka 2021, ikianza na 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa hulipa zaidi. Lakini nyumba ya chini ni "nyumba ya kawaida", iwe na vyumba kumi na bustani ya kuchezea mpira, au iwe ya mama yenye vyumba vitatu, viwili kapangisha. Na wapangaji wake ndio huchangishana hiyo luku, kwa hiyo kodi ya jengo analipa hata asiye na jengo.

Ajabu yangu ni ukimya. Tozo za miamala ya simu zilipoanza mwaka huo huo wa 2021, watu walipiga kelele hadi zikapunguzwa. Hii ya nyumba ililalamikiwa kidogo, kisha ikazoeleka. Nadhani sababu ni kwamba mtu wa Pasua haioni risiti ya Shantytown, wala wa Shantytown haioni ya Pasua. Kila mmoja anajipima kwa jirani yake.

Jirani yangu mmoja huku, mwenye magari mawili, huwa anasema, "Sisi watu wa kawaida tu." Hadanganyi. Anajilinganisha na shemeji yake mwenye hoteli. Mama naye anasema, "Sisi tuna nafuu," kwa sababu nyumba ya nyuma yake bado wanawasha kibatari. Ukiwauliza wote wawili, wote ni watu wa kati. Kuna utafiti wa mchumi Guillermo Cruces na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, waliokuta hali kama hiyo Buenos Aires, Argentina. Maskini wengi walijiona wako juu kuliko walipo, na walipoonyeshwa nafasi yao halisi, walidai zaidi kwamba maskini wasaidiwe.

Rahisi basi kusema dawa ni kuchanganyikana. Nami niliamini hivyo, mpaka niliposoma jaribio la mtafiti Melissa Sands, lililochapishwa mwaka 2017. Kule Boston, Marekani, kwenye mitaa ya wenye uwezo, wapita njia waliombwa kusaini ombi la kuongeza kodi kwa mamilionea. Wakati mwingine mwigizaji aliyevaa kimaskini alikuwa amesimama karibu. Akiwepo yeye, waliosaini walipungua! Katika utafiti mwingine, uliochapishwa miaka mitatu baadaye, Sands na Daniel de Kadt walikwenda Afrika Kusini, kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, wakaegesha gari la kifahari pale panaposainiwa. Huko waliotaka matajiri watozwe zaidi waliongezeka. Kwa hiyo kuonana peke yake hakutoshi. Inategemea nani anamwona nani, na anamwona akiwa wapi.

Huku kwetu kuna la tatu, ambalo sijaliona kwenye tafiti zao. Panda Kibosho, juu mlimani, mwezi Desemba. Nyumba ya bosi wa Dar yenye bati la rangi imepakana na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha shangazi ambaye paa lake linavuja. Wanaonana vizuri kabisa, wanakunywa mbege pamoja. Umewahi kusikia mtu pale akitaja kodi? Utasikia "mtoto wetu amekuja". Atagawa sukari, atachangia barabara, atalipa ada ya mtoto wa shangazi. Naiheshimu sana desturi hiyo, hata mimi ada ya sekondari nililipiwa hivyo. Ila msaada wa namna hiyo unaishia kwenye masale, ile mimea ya mpaka wa ukoo. Mpangaji wa mama ni mwanamke kutoka Singida, anauza ndizi Mbuyuni. Yeye hana bosi wa Dar wa kumsubiri Desemba. Huyo angefaidika kama kodi ingefuata thamani ya nyumba, hata kwa madaraja matatu tu. Najua kuthamini nyumba ni gharama, na kwamba kiwango kimoja ni rahisi kukusanya. Rahisi kwa mkusanyaji, sawa.

Nilimgusia mwenye nyumba wangu kwenye simu. "Kwani elfu moja mia tano nayo ni hela?" akacheka. Ni kweli. Kwake si hela.

Nikamweleza na mama kwamba ile nyumba kubwa inakatwa sawa na yake. Nilitegemea awake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Waache, baba, wenye manyumba nao wana mambo yao. Nitumie ya elfu tatu."

Nikatuma. Safari hii hapakuwa na makato, zikaingia uniti ishirini na nne.