Watu Wawili, Majina Mawili: Je, Tarantula Hutambulika kwa Macho?

Wakati wa palizi ya mikorosho, kijana mmoja wa Mtama, mkoani Lindi, alimfukua tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, akamtia katika ndoo ndogo ya plastiki, akatoboa mfuniko na kuanza kumlisha panzi. Picha aliyoipiga kwa simu ameionyesha kwa watu watatu wenye uzoefu na wanyama hawa. Wa kwanza alisema ni Pterinochilus murinus, wa pili akasema ni Pterinochilus chordatus, na wa tatu akakataa kutaja jina lolote mpaka aone gamba ambalo buibui huyo atalivua. Ubishi huo haujaisha, nami nauona una uzito kuliko unavyoonekana, kwa kuwa ndani yake mna swali la ni kiasi gani tunaweza kuamini macho yetu.

Wanaotetea macho wana hoja ya kweli. Mtu aliyewafuga tarantula kwa miaka mingi huona haraka mistari inayotawanyika kama miale ya nyota juu ya mgongo wa mbele, huona hariri nzito iliyotandazwa mdomoni mwa shimo, na huona jinsi mnyama anavyoinua miguu ya mbele badala ya kukimbia. Dalili hizo zikikutana, ni nadra akosee jenasi, yaani kundi la spishi za ukoo wa karibu (hapa Pterinochilus). Kwa mfugaji wa kawaida hilo linatosha kwa mengi: chakula, unyevu wa udongo, hata tahadhari. Tarantula wa Afrika hawana yale manyoya ya kuwasha ambayo jamaa zao wengi wa Amerika huyarusha kwa miguu ya nyuma, hivyo kinga yao ni kung'ata, na aliyeng'atwa na Pterinochilus huweza kupata maumivu makali na kukakamaa kwa misuli, spishi iwe hii au ile.

Hata hivyo, ukitoka kwenye jenasi ukaingia kwenye spishi, macho huanza kusaliti. Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1897, anaweza kuwa wa rangi ya chungwa, ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, au ya giza. Yule wa chungwa huuzwa ng'ambo kwa jina la Usambara, na mnunuzi asiyejua hudhani ni aina ya peke yake, kumbe ni spishi ileile. Tena buibui mmoja hubadilika katika maisha yake: rangi hufifia anapokaribia kuvua gamba, na dume akipevuka hukonda na kuonekana mwenye miguu mirefu kiasi kwamba aliyemlea huweza kumshangaa. Ongeza mwanga wa jioni na kamera ya simu, na ile rangi ya chungwa iliyokuwa ushahidi wa mtu wa kwanza inaweza kuwa ya jua la saa kumi na mbili tu.

Kosa la upande wa pili, yaani spishi mbili kuvaa sura moja, ndilo lililodumu zaidi. Tarantula wa Mexico mwenye magoti mekundu, Brachypelma smithi, aliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1985, na kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa buibui wanaofugwa sana duniani. Mwaka 2017 watafiti Jorge Mendoza na Oscar Francke walichambua upya kundi hilo, na ikabainika kwamba wengi waliokuwa wakifugwa kwa jina la smithi walikuwa Brachypelma hamorii. Waliokosea hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Walikuwa watu waliowazalisha na kuwauza kwa miaka.

Ndiyo maana yule wa tatu anadai gamba. Gamba la jike hulowekwa katika maji yenye tone la sabuni mpaka lilainike, kisha hufunuliwa polepole kwa sindano, na kati ya mapafu mawili ya mbele, upande wa ndani, huonekana vifuko vidogo vya kuhifadhia mbegu za dume. Umbo la vifuko hivyo, kama vimeachana au vimeungana, kama shingo yake ni fupi au ndefu, husema mengi ambayo rangi haiwezi kusema. Sisi watu wa kusini tusilione hili kuwa geni, kwani hakuna mpimaji makini wa korosho ghafi anayetoa daraja kwa kutazama ganda peke yake: huchukua sampuli, huikata, hupima viini.

Lakini dai la gamba nalo lina upungufu wake. Humfaa jike aliyepevuka, na kumsubiri apevuke kunaweza kuchukua miaka. Dume hutambuliwa kwa viungo vilivyo ncha ya vipapasio vyake, navyo havijakamilika mpaka awe mtu mzima. Kipimo cha vinasaba kinahitaji maabara, na pia kinahitaji sampuli za kulinganishia zilizopewa majina sahihi tangu mwanzo. Kumwambia kijana wa Mtama asubiri bila kumpa kitu cha kuandika ni kumwachia njia ya kubuni.

Kwa maoni yangu, aandike jenasi na aishie hapo, kisha aandike kwa ukamilifu kile ambacho picha haiwezi kukionyesha: mahali. Kabla serikali haijasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, buibui aliyefika ng'ambo na lebo ya "Tanzania" tu alikuwa amepoteza nusu ya ushahidi wake. Nchi hii ina spishi kadhaa za Pterinochilus, na kujua kama mnyama ametoka Kigoma, Usambara au chini ya uwanda wa Rondo huku Lindi hupunguza majina yanayowezekana kabla hata hadubini haijawashwa.

Kijana amekubali. Juu ya ndoo kuna kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: "Pterinochilus, Mtama, shamba la mikorosho, udongo wa kichanga, kina cha kiganja kimoja." Pembeni ameweka bahasha tupu, inayosubiri gamba.