Stesheni ikigeuzwa makumbusho, dirisha la tiketi libaki

Nikisikia stesheni ya zamani imeokolewa ikawa makumbusho ya mji nafurahi sana, ila swali langu la kwanza huwa moja tu, dirisha la tiketi lipo? Maana wengi wakishakabidhiwa jengo wanang'oa kaunta na mabenchi, wanapiga rangi, wanajaza mitungi na picha za wakubwa wa enzi hizo, ukiingia huwezi kujua kama hapa watu walikuwa wanangoja treni au ilikuwa posta.

Mi naona cha kulinda ni ile kazi iliyokuwa inafanyika mle ndani, na kazi imebaki kwenye vitu vidogo. Chukua tiketi ya kadibodi, ile ngumu ya sentimita 5.7 kwa 3 hivi. Mwanzoni tiketi ziliandikwa kwa mkono, abiria mmoja mmoja, mpaka stesheni masta mmoja Mwingereza, Thomas Edmondson, kwenye mwisho wa miaka ya 1830 akaleta tiketi zilizochapwa kabisa zenye namba za kufuatana, karani anagonga tarehe tu kwa mashine, na akifunga hesabu namba zinamwambia pesa ngapi lazima ziwepo. Sasa mtoto ukimwonyesha tiketi hiyo kwenye kabati la kioo chumba kingine ataelewa nini? Asimame dirishani, apokee tiketi, aisikie mashine ikigonga.

Angalia stesheni ya Liverpool Road, Manchester, Uingereza. Stesheni ilifunguliwa 1830, abiria wakahamishwa 1844, mizigo ikaendelea hadi 1975, na baadaye ikawa makumbusho. Juu ya mlango wa abiria wa daraja la kwanza kuna saa ya jua, na hapo ndo utamu ulipo, kwa sababu wakati huo kila mji ulikuwa na saa yake kufuatana na jua, Manchester ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kama 9, halafu treni ndo zikalazimisha miji yote ishike saa moja. Saa hiyo ukiitoa ukutani ukaiweka kabatini inabaki pambo tu.

Kwa hiyo mnaokarabati, tafadhali, wastaafu wa reli bado wapo, waiteni kabla fundi rangi hajaingia, wawaonyeshe kengele ilining'inia wapi na bendera ya kijani ilikaa msumari upi.